Nani Anaishika Shafti? Zana na Hatua za Kuhudumia Mashine Nzito za Kuchanganyia

Tanga ina mashine za kuchanganyia za kila namna: matangi ya maziwa, mapipa ya sabuni na rangi, vinu vya chakula cha mifugo, matangi ya tope la chokaa. Zote zina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha mapanga ya kuchanganyia. Sili (kizibo kinachozuia bidhaa isipenye kando ya shafti) ikianza kuvuja au beringi ikianza kulia, fundi wengi hukimbilia kujua namba ya spana. Swali la kwanza liwe jingine: nikilegeza bolti hii, nani anaishika shafti?

Kwenye tangi la kusimama, mota na giaboksi vimekaa juu, na shafti inaning'inia chini yake kwa kaplingi, kiungo cha flanji mbili (sahani za chuma) zilizofungwa pamoja kwa bolti. Mara nyingi chini hakuna kitu. Hata pale penye bushi sakafuni mwa tangi, kazi ya bushi ni kuzuia shafti isiyumbe, haibebi uzito. Ukitoa bolti za kaplingi, chuma chote kinashuka, kinatoboa sakafu ya tangi au kinakata vidole vilivyokuwa kati ya flanji mbili. Kwenye mashine ya kulala, shafti imekalia plama bloku mbili (nyumba za beringi), kwa hiyo haianguki. Hatari yake ni kuzunguka. Mapanga hayana uzito sawa pande zote, na mzigo ulioganda upande mmoja unaongeza tofauti. Cheni ya mota ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Ukiivua cheni, upande mzito unashuka wenyewe, na mkono ulio ndani hauna pa kukimbilia.

Kufunga umeme

Unahitaji kufuli lenye ufunguo mmoja kwa kila fundi, kishikio cha chuma kinachopokea kufuli kadhaa, kibandiko chenye jina na saa, na multimita. Zima kwenye swichi kuu ya mashine yenyewe, piga kufuli, weka ufunguo mfukoni mwako. Kama ni paneli ya zamani isiyo na tundu la kufuli, toa fyuzi zote tatu uondoke nazo, kisha funga mlango wa paneli kwa kufuli.

Kitufe chekundu cha dharura si kufunga umeme. Kinakata waya mdogo wa kuamrisha kontakta (swichi inayopeleka umeme kwenye mota) tu, na umeme mkubwa unabaki umesimama mlangoni. Mtu akikizungusha kikarudi, mashine iko tayari kuwaka.

Halafu kuna mazoea ya kungojea TANESCO wakate ndipo kazi ifanyike "kwa nafasi". Umeme uliokatika unarudi bila hodi, na penye jenereta ya kujiwasha unarudi ndani ya sekunde chache. Mashine ya vitufe viwili vya kuwasha na kuzima kwa kawaida haijiwashi umeme ukirudi, kwa sababu kontakta imeshaachia. Lakini tangi linaloendeshwa na saa au na kipima kina, swichi yake ikiwa upande wa kujiendesha, litazunguka mara moja. Umeme ukikatika mkiwa kazini, kufuli zinabaki pale pale.

Baada ya kufunga, thibitisha. Jaribu multimita kwenye chanzo unachojua kina umeme. Pima fezi kwa fezi mara tatu, kisha kila fezi kwa ardhi, jumla vipimo sita. Rudi ujaribu multimita pale pale pa mwanzo, maana betri ikifa katikati ya kazi kioo kitakuonyesha sifuri ya uongo. Mwisho bonyeza kitufe cha kuwashia. Kama mota inaendeshwa na draivu ya kubadili kasi, ngoja muda ulioandikwa kwenye kibao chake kabla ya kufungua kifuniko. Nyingi huandika dakika 5, nyingine 10 au 15, kwa sababu ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa baada ya kuzimwa.

Mabomba nayo hufungwa. Vali ya mvuke, ya maji ya moto, ya dawa ya kusafishia na ya bidhaa inayoingia, kila moja ipigwe mnyororo na kufuli. Kwenye matangi ya maziwa, mashine ya kusafisha inayojiendesha inaweza kumwaga magadi makali ya moto juu ya mtu aliye ndani ilhali swichi ya mota imefungwa vizuri kabisa.

Jua uzito kabla ya kutafuta winchi

Kisio la macho hudanganya. Chukua kipenyo cha shafti kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, halafu zidisha kwa 0.00617. Unapata kilo za kila mita moja ya shafti ya chuma isiyo na uwazi ndani. Shafti ya milimita 90 inatoa kilo 50 kwa mita, kwa hiyo yenye urefu wa mita 4.2 ni kilo 210. Ya milimita 100 ni karibu kilo 62 kwa mita. Chuma cha pua huzidi kidogo, kama kilo 2 katika kila 100.

Ongeza mapanga na nusu ya kaplingi. Tuseme mapanga mawili ya kilo 35 na kaplingi ya kilo 25: kutoka 210 umefika 305. Kisha ongeza robo kwa ajili ya uchafu ulioganda, jumla karibu kilo 380. Kwenye tope la chokaa robo inaweza isitoshe, kwa kuwa gamba la chokaa kwenye mapanga hufika unene wa kiganja, basi lipasue kwanza. Kwa mzigo huu chukua cheni bloku (winchi ya cheni ya kuvuta kwa mkono) ya tani 1, usichukue ya nusu tani kwa hoja kwamba 380 ni chini ya 500. Shafti iliyokwama humfanya mvutaji avute kupita uzito wa shafti yenyewe.

Ndiyo maana mizani ya kuning'iniza ina thamani kuliko zana nyingi za bei kubwa. Ifunge kati ya ndoano na mzigo. Ulikadiria 380, ukiona namba inapanda 450, 500, na shafti haijasogea, acha kuvuta. Kuna bolti, kii (kipande cha chuma kinachofunga shafti na kaplingi) au kutu bado imeishikilia. Ukiendelea, itaachia ghafla na mzigo utaruka.

Kola ya kushikilia shafti

Hii ndiyo zana ya kwanza kwa tangi la kusimama, nayo ndiyo inayokosekana viwanda vingi. Ni pete nene ya chuma iliyokatwa vipande viwili, inayobana shafti chini ya kaplingi, kisha inakaa juu ya pleti imara ya stendi ya giaboksi. Ukishaibana, uzito wa shafti unakwenda kwenye stendi, na giaboksi inaweza kuondoka. Baadhi ya watengenezaji wa mashine huiuza, au shafti huja na mfereji uliokerezwa wa kuipokea. Shafti yenye mfereji itumie kola ya mfereji, kwa sababu hapo chuma kinakalia chuma na hutegemei kubana peke yake.

Ukilazimika kuchongesha, mchoro uwe wa mhandisi, na kola ijaribiwe kwa mzigo unaozidi wa kazi kabla haijaingia kiwandani. Jambo ambalo wakerezaji hukosea ni tundu. Mkerezaji aweke kipande cha bati la milimita 2 kati ya vipande viwili, avifunge, ndipo atoboe kwa kipenyo halisi cha shafti. Bati likitolewa, kola ikibanwa inabaki na nafasi pande zote mbili. Bila nafasi hiyo vipande vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe kabla havijaibana shafti. Spana itakuambia imekaza, wakati shafti iko huru.

Bolti nne za M16 za daraja 8.8 zikikazwa kwa spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm (nyutoni mita) 200, kwenye hesabu zinatoa mshiko unaozidi tani 4 hata kama chuma kina utelezi kidogo. Inaonekana ni nyingi mno kwa shafti ya kilo 380. Lakini grisi, rangi, tundu lisilo duara na bolti kukuukuu hula mshiko huo haraka. Safisha shafti kwa kitambaa na kiyeyusho mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usiweke karatasi, mpira wala gunia kati ya kola na shafti kwa nia ya kulinda mng'ao. Bana mahali palipo nje ya bidhaa, juu ya sili, ambapo mkwaruzo hauna madhara.

Kola isikalie sili. Sili ya kisasa inayokuja kama kopo moja ina vibano vidogo vya kuishikia mahali pake, na vingi hutupwa siku ya kufunga mashine mpya. Vitafute, virudishe kwenye mifereji yake kabla ya kulegeza chochote, la sivyo nyuso za sili zinaachana au zinagongana na bei ya kazi inapanda maradufu. Spana ya bomba na klampu ya fundi seremala hazihesabiwi kuwa kola, hata zikiwa mbili.

Kuvua giaboksi

Zungusha shafti kwa mkono mpaka alama za kaplingi zielekee upande unaoweza kuziona. Kama hakuna alama, piga nukta mbili kwa panchi, moja kila nusu. Funga kola ikiwa imeinuka milimita 2 au 3 juu ya pleti, kaza bolti kwa mzunguko wa kupishana, kisha chora mstari kwa kalamu ya rangi kuzunguka shafti, juu tu ya kola.

Sasa toa bolti mbili za kaplingi zinazotazamana, uweke badala yake bolti ndefu zenye meno mwili mzima na nati juu na chini. Hizi ndizo breki zako. Toa bolti nyingine zote. Legeza nati za zile ndefu nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na shafti inashuka taratibu mpaka kola ikalie pleti. Nati zikishalegea kabisa, ngoja dakika 10 ukitazama mstari wa kalamu. Ukisogea hata upana wa uzi, kaza nati urudishe shafti juu, safisha, anza upya. Vidole havikai kati ya flanji wakati wote huu, hata kwa kufuta vumbi.

Flanji zikigoma kuachana, tazama kama kuna matundu yenye meno ya bolti za kusukumia. Yapo mara nyingi, yamezibwa na rangi. Nyundo na patasi huacha jeraha kwenye uso wa flanji, na jeraha la nusu milimita hapo juu linakuwa shafti inayoyumba sentimita kadhaa kule chini.

Giaboksi na mota hunyanyuliwa pamoja kwa matundu ya giaboksi. Bolti ya jicho iliyo juu ya mota ni ya mota peke yake. Mota ikiwa imechomoza ubavuni, mzigo utainama upande huo, hivyo weka winchi ndogo ya mkono kwenye mguu mmoja wa slingi (mkanda au cheni ya kunyanyulia) ili usawazishe kabla haijaachana na stendi.

Slingi, bolti za jicho na boriti

Slingi za polista husomeka kwa rangi: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, zikivuta wima. Ukizifunga kwa kitanzi cha kukaba, hesabu asilimia 80 ya hapo. Lakini kwenye chokaa na magadi makali usizitumie. Polista haipatani na magadi. Nyuzi zinaoza kimyakimya na nje slingi inaonekana nzima. Kwa kazi za chokaa chukua slingi ya cheni ya daraja 80. Yenye unene wa milimita 8 hubeba tani 2 kwa mguu mmoja.

Miguu miwili ikitanuka, kila mmoja unabeba zaidi ya nusu. Kwa mzigo wa kilo 400, miguu ikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mguu unavuta kilo 231. Kwa nyuzi 45 ni 283. Kwa nyuzi 30 kila mguu unavuta kilo 400 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Chini ya 45 tusishuke.

Shafti nyingi zina tundu lenye meno kwenye ncha ya juu, la kuwekea bolti ya jicho. Bolti za jicho za chuma cha kawaida za kipimo cha DIN 580 hubeba wima kilo 340 kwa M12, 700 kwa M16, 1,200 kwa M20. Kola yake ikae chini kabisa bila mwanya, meno yote yaingie. Ikivutwa upande hupoteza nguvu nyingi na inaweza kupinda. Usichomelee nati juu ya shafti ukaiita jicho.

Kuhusu pa kuning'iniza: kenchi za paa la banda hazikutengenezwa kubeba kitu zaidi ya mabati na upepo. Tumia fremu ya A yenye kibao cha uwezo wake, au boriti iliyohesabiwa. Pima pia urefu. Shafti ya mita 4.2 inataka nafasi hiyo juu ya mdomo wa tangi, pamoja na kama mita moja na nusu ya slingi, mizani na cheni bloku. Mabanda mengi hayana urefu huo, ndiyo maana baadhi ya shafti zina kaplingi ya pili ndani ya tangi. Pasipo nayo, mabati hufunguliwa na kreni huitwa, na hiyo ni kazi ya siku nyingine yenye mpango wake.

Hewa ya bahari nayo ina neno. Cheni na waya zilizoning'inizwa nje huliwa na chumvi kwa ndani, na Bagamoyo kwenye mashine za kuchanganyia chumvi na madini joto hali ni mbaya zaidi. Zihifadhi kwenye kabati kavu zikiwa zimepakwa oili nyepesi. Vifaa vya kunyanyulia huingia kwenye ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Lakini mkaguzi haji kila asubuhi. Slingi isiyo na lebo, yenye mkato, au shakeli yenye pini iliyobadilishwa kwa bolti ya dukani, ikate vipande ili asije mwingine akaiokota.

Shafti iliyolala

Kabla ya kuvua cheni au mikanda ya mota, zungusha shafti mpaka upande mzito uwe chini. Utaujua: ukiachia, hapo ndipo inaposimama yenyewe. Kisha izuie. Baadhi ya mashine zina tundu la pini kwenye gurudumu la cheni. Pasipo nalo, bana mkono wa panga kwa vipande viwili vya chaneli vilivyofungwa kwa bolti kwenye mwili wa mashine. Gogo lililosukumizwa tu kati ya panga na ukuta hutoka kwa mtikisiko mdogo.

Kuzungusha mashine kwa kugusagusa swichi ya kuwashia, ili panga lifike unapolitaka, ndiyo kunakokata mikono. Tumia kirungu cha chuma kwenye matundu ya kaplingi, na ukitoe kabla ya kuondoka.

Kubadili beringi, mzigo uondoke kwanza juu yake. Weka jeki ya mafuta ya tani 10 karibu na beringi, juu yake kipande chenye mfereji wa umbo la V kilichochongwa kwenye ubao mgumu. Tabaka gumu la nje la shina la mnazi mkongwe linafaa sana na fundi wa Tanga halinunui kwa bei ya mninga. Inua milimita chache tu, mradi shafti iache kukalia beringi. Ukizidisha unapinda shafti au unapasua sili ya upande wa pili. Ukishainua, panga vipande vya mbao vigumu mpaka vishike, kisha shusha jeki ili shafti ikalie mbao. Jeki ni ya kuinulia. Sili yake ya ndani ikivuja, shafti inashuka pamoja nayo.

Kutoa na kuweka beringi

Pula ya miguu mitatu hushinda ya miguu miwili, kwa kuwa miwili huvuta upande. Miguu ishike pete ya ndani. Ukivuta pete ya nje, vidude vya kuviringika vinapasuka na vipande vinaruka kama risasi. Paka grisi meno ya pula, funika beringi kwa turubai nene, vaa miwani, na usisimame kwenye mstari wa mhimili wa shafti. Pula ya mafuta ya tani 10 inatosha kwa shafti nyingi za kiasi hiki.

Moto wa gesi kwenye beringi unayotaka kuirudisha ni mwiko. Na kuna hatari isiyosemwa sana: shafti yenye uwazi ndani, iliyozibwa kwa kuchomelewa. Maji yakiwa yameingia kupitia ufa mdogo, moto unayageuza mvuke usio na pa kutokea, na shafti inalipuka. Igonge kwa nyundo ndogo usikilize sauti, tazama mchoro, na usiipashe moto mpaka ujue.

Beringi mpya inayoingia moja kwa moja kwenye shafti hupashwa kwa hita ya umeme au kwenye oili safi, hadi nyuzi joto 110, wala isivuke 120. Tundu la milimita 100 likipanda nyuzi 80 juu ya joto la shafti hutanuka karibu milimita 0.1, na hiyo inatosha beringi iteleze mahali pake kwa mikono yenye glovu za joto. Beringi zenye grisi na kifuniko pande zote mbili zisipite nyuzi 80.

Plama bloku kubwa hutumia beringi yenye tundu la koni juu ya bushi ya koni inayovikwa shafti. Kwa shafti ya milimita 90, kwa mfano, huwa ni 22220 K na bushi H320. Hapa spana ya ndoano na fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) ndizo zinazoamua. Pima mwanya wa juu wa beringi ikiwa huru, andika. Kaza nati ya bushi, pima tena. Kwa tundu la beringi la zaidi ya milimita 80 hadi 100, mwanya upungue kwa milimita 0.045 hadi 0.060. Ukipungua kidogo kuliko hapo, bushi itateleza na kula shafti. Ukizidisha, beringi itachemka ndani ya saa chache za kazi. Kisha kunja ulimi wa washa kwenye mfereji wa nati. Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi ya nyumba.

Ukilazimika kuingia ndani ya tangi

Kwanza jiulize kama kazi haiwezi kufanyika kwa kutoa shafti nje. Ikishindikana, tangi liwe tupu, limeoshwa, limepoa, na feni inapuliza hewa safi. Pima hewa kwa kipimo cha gesi nne, juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi nyingine ni nzito na hulala sakafuni. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Mabaki ya maziwa, molasi au majimaji ya mkonge yaliyochacha hula oksijeni na kutoa gesi zinazoua. Kiberiti kilichowaka hakipimi kitu. Taa iwe ya volti 24 au chini. Mlangoni asimame mtu asiyekuwa na kazi nyingine, mwenye kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa aliye ndani na njia ya kumvuta. Aliye nje haingii kumfuata mwenzake aliyeanguka. Vifo vya wawili wawili hutokea hivyo.

Kurudisha na kuwasha

Kabla ya kuunga kaplingi ya mota, hakikisha mwelekeo wa kuzunguka. Mota iliyosukwa upya au waya zilizofunguliwa mara nyingi hurudi zikiwa kinyume, na mapanga yaliyofungwa kwa meno hujifungua yenyewe yakizungushwa upande usio wake. Vitu vyote viwe mbali, washa mota peke yake kwa sekunde moja, tazama feni yake, zima, piga kufuli tena.

Miguu ya mota ipimwe kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale na uso kama wa saa). Legeza bolti moja moja. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, weka shimu (kipande cha bati jembamba). Kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, tofauti ya mihimili isizidi milimita 0.1, na ukifika 0.05 ni bora. Bolti za kaplingi za M16 za daraja 8.8 hukazwa karibu Nm 200, za M20 karibu 400, zikiwa na oili nyepesi. Ukipaka grisi ya shaba punguza kama robo, kwa sababu bolti inateleza zaidi na utaivuta kupita kiasi. Nati za chuma cha pua zisifungwe kavu kabisa, hung'ang'ania na hazitoki tena ila kwa kukatwa.

Toa kola. Inasikika kama mzaha, ila mashine imeshawahi kuwashwa na kola ikiwa mahali pake katika viwanda zaidi ya kimoja. Hesabu zana dhidi ya orodha uliyoandika asubuhi. Rudisha vifuniko vyote kabla ya kuwasha. Wanaosimama karibu wasiwe na mitandio au kanga zinazoning'inia, mikono ya shati ifungwe, na glovu zivuliwe, kwa sababu shafti hata ya mizunguko 40 kwa dakika inakunja nguo haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele.

Washa tangi likiwa na maji hadi juu ya mapanga. Shafti ndefu ikizunguka kwenye tangi tupu huyumba na kugonga sili. Soma ampia za fezi zote tatu uzilinganishe na kibao cha mota. Gusa nyumba ya beringi kila baada ya dakika 15 kwa saa ya kwanza, au tumia kipimajoto cha mwanga. Baada ya saa 8 za kazi simamisha, piga kufuli, na kaza upya bolti za kaplingi na za stendi kwa kipimo kile kile. Bolti iliyokubali robo mzunguko au zaidi ina sababu: rangi chini ya washa, meno yaliyochoka, au flanji ambayo haijakaa. Ifungue uitazame kabla ya zamu ya usiku kuingia.